Nanasi la Kipaimara

Mdogo wangu Tabu,

Hukuweka kitu. Nimeonja mwenyewe jana kwa ulimi wangu huu. Ile ndoo ya aiskrimu ya kipaimara cha Yakobo wangu, iliyokatika na kuwa chungu kama mwarobaini, ni nanasi lililofanya. Nanasi lenyewe, Tabu.

Anayeandika ni Neema, binti wa Yakobo, maana mimi kalamu unajua sikuijua. Amesomea mapishi. Anacheka, eti Bibi usirukeruke. Nitaruka, barua ni yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunatengeneza hapa Mabatini, mimi na wewe, na lile friji lililonguruma kama injini ya boti? Wewe ulichemsha maziwa, yakipoa unatoa utando, tunaula na mkate tukiwaficha watoto. Na yule mama wa nyumba ya nyuma, kila siku anaomba barafu, kikombe cha kuwekea hana. Haya, tumwache. Siku ile nilipata nanasi la Sengerema, harufu imejaa uani. Ukaniambia, "Dada, weka maziwa matupu, tusiharibu." Mimi nilitaka wageni waongee. Nikakata, nikamwaga hivyohivyo kwenye maziwa, nikafunika. Kesho yake wageni wakaonja, wakatema.

Na mimi mbele ya watu nikasema umenitilia kitu, kwa sababu mimi nina watoto na wewe huna.

Neema ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mama. Nilisema hivyo.

Ulikunja kitenge chako, ukapanda meli ya Nansio, na toka siku ile hujanywa maji kwangu. Hata msiba wa mama tulikaa mikeka miwili.

Basi jana huyu mtoto akaleta nanasi. Nikamwambia toa hicho kitu, nanasi na maziwa hapana, nyumba hii inajua. Akasema, "Bibi, kaa uone." Akaweka vikombe viwili vya maziwa. Kimoja akatia nanasi bichi, halijapita motoni. La kikombe cha pili akalichemsha kwanza na sukari, likatoa povu, likapoa, ndiyo akatia. Tukaviacha mezani, tukachambua dagaa. Kuja kuonja, cha kwanza kichungu, uchungu uleule, ningeujua hata nimefumba macho. Cha pili kitamu. Moto kidogo tu, Tabu. Moto wa kuchemsha chai.

Anasema nanasi bichi lina kitu kinachokula maziwa. Nikamwuliza, kitu gani hicho, mbona hakionekani? Akaniambia, "Ni kile kinachowasha ulimi, Bibi."

Nilikumbuka shamba la baba huko Ukerewe, tunavyojiinamisha kwenye matuta tunakula mananasi ya kupeleka sokoni mpaka midomo inachubuka. Baba hakuuliza nani kaiba. Alisema tu, "Toeni ndimi." Sasa mimi niliyetoa ulimi mara ngapi mbele ya baba, ningeshindwaje kujua nanasi linauma? Ushahidi nilikuwa nao mdomoni toka utoto. Nimeshangaa mpaka leo asubuhi, uji umepoa mbele yangu.

Halafu aiskrimu yenyewe uione. Anasubiri ianze kushika kwanza, ndiyo anatia vipande vya nanasi lililochemka, havizami, vimekaa vyenyewe kama yale mawe ya ziwani yaliyopandiana. Na havigandi vikawa kokoto. Ukitafuna ni laini, sukari imeingia mpaka ndani.

Ndoo iko kwenye deli, barafu tumejaza. Neema ndiye anaileta kwa meli ya leo, pamoja na barua hii. Mimi naogopa. Nikibisha hodi ukakaa kimya, nitarudi na nini? Lakini onja, mdogo wangu. Neno nililokutupia halichemki likaisha, hilo najua, ila nimelikiri mbele ya mtoto huyu, na Jumapili nitalikiri mbele ya jumuiya, wale waliotema, waliobaki hai, wote wapo.

Yakobo anaita huko nje. "Mama, bajaji imefika. Nani anapanda na deli?"

Neema, weka kalamu. Nipe kitenge changu kile cha kijani. Napanda mimi.

Dada yako