Maharagi ya Chumvi Mara Mbili

Bunia

Mama Josué, binti yangu ya kwanza,

Jambo sana, toka kichwa mpaka miguu. Mwili iko namna gani? Ile mugongo yako ilipona? Josué anakula? Na bwana yako, aliacha tumbaku, ao angali anakohoa na kudanganya kama ni baridi ya pori? Mimi niko. Magoti inalia nikiinama, lakini mudomo ingali nguvu.

Mwandiko hii ni ya Mama Pasteur, jirani yetu. Maneno ni yangu yote, nilimukataza kuyatengeneza. Unajua mimi masomo sikuiona hata ku mulango. Sikutaka kupiga simu, juu kila mara nikianza kukukaripia unasema, "Mama, réseau inakatika." Karatasi haikatikake.

Nilisikia kwa ndugu yako kama unataka kuacha kazi ya usafi ku hopitali kule Mambasa, juu ya mwenzako mwenye hajibu salamu yako. Weye! Kazi yenye ulilia mbele ya kuipata, unataka kuiacha juu ya mudomo ya mutu mwingine imefungwa? Kaa chini. Nikuelezee ile ilinipata mimi hapa jikoni, alafu utafanya yenye roho yako itakuambia. Usiruke mistari.

Unajua napikia wanafunzi wa uuguzi, wale wanalala palepale ku masomo, watu mia moja na makumi mbili. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa zamani. Yeye akarudi Irumu kuchunga mama yake mugonjwa. Gérant, mukubwa wetu wa jikoni, kijana mwenye tumbo inamutangulia ku mulango, akaniletea mwanamuke mupya. Mukono nguvu, anakata sombe, yale majani ya muhogo, mbio kama mashini. Alikimbia vita kule Djugu, anaishi ku kambi, chini ya turubai. Ile kazi njo ilikuwa mulango yake ya kutoka mule: alitaka kukodesha chumba moja, alale ndani ya ukuta.

Gérant alisema tu, vile mutu mwenye alimuombea kazi alimuambia, "Huyu ni Mama Gloire." Basi. Kwetu, mwanamuke mwenye alizaa, kumuita na jina yake mwenyewe ni kama kumuvua kitambaa mbele ya watu. Mimi nikafanya adabu. Kila asubui: "Jambo Mama Gloire! Umeamuka Mama Gloire? Mama Gloire, leta maji!"

Na yeye? Ananipa mugongo. Sufuria anaitua kama anatupa jiwe. Siku ya kwanza, ya pili, nikavumilia. Siku ya tano nikamuambia, unanijua: "Mama Gloire, kwenu hakuna salamu, ao mudomo uliisahau ku kambi?" Akaniangalia, macho nyekundu, akatoka inje. Mimi nikafurahi, nikasema nimemuweza. Mungu anisamehe.

Toka pale hatukusemezana tena. Yeye upande ya moto, mimi upande ya meza. Kisu ikiwa karibu na mukono yake, nangoja aondoke njo niichukue. Muzee muzima!

Wamama wa kufagia wakaanza kunongona: "Si unaona kabila yake? Wako vile." Pale nikageuka na mwiko ku mukono. "Nani alisema kabila? Mwanamuke mumoja njo alinikasirikia. Kabila yake haikukuja kazini. Mukirudilia ile maneno, mutakula hii mwiko mbele ya bugali." Tuko Bunia, mutoto yangu. Hapa ugomvi ya jikoni ikivaa nguo ya kabila, haivuliwe tena. Ya kwangu nilitaka ibakie ya jikoni.

Sasa sikia. Siku ya maharagi, yeye alitereka sufuria mbili kubwa, akaenda kuteka maji. Mimi nikapita, nikaona inachemuka. Siku zingine ningeuliza: "Ulitia chumvi?" Maneno mbili tu. Lakini nani ataanza? Mimi, na hizi nywele nyeupe, nimuanze yeye? Nikatia chumvi, mukono muzima, mara tatu kila sufuria. Kumbe yeye alikuwa ameshatia. Utaniuliza kama sikuonja. Mwenye hasira haonjake.

Saa sita wanafunzi wakakula kijiko moja, wakasukuma sahani. Binti mumoja akaleta yake ku dirisha, unajua wote wananiita Koko, kama nyanya yao: "Koko, hii ni maharagi ao ni serum ya kutundikia mugonjwa?" Wakacheka wote. Hata nguruwe ya jirani ilinusa, ikaenda zake.

Gérant akafika, hakuuliza kitu. Kidole moja kwa moja kwa Mama Gloire: "Weye mupya. Leta tablier. Kesho usikuje."

Na yeye akaanza kufungua kamba ya tablier, ile nguo ya kupikia, ku mugongo. Polepole. Hakunitaja. Na alijua! Tulipishana ku mulango, chumvi ingali ku vidole yangu. Angesema, "Koko naye alipita ku sufuria," ingetosha. Aliendelea kufungua kamba.

Pale roho ikanipiga. "Gérant, ngoja. Mimi pia nilitia. Chumvi yake ilikuwa ya kazi, ya kwangu ilikuwa ya hasira. Mwenye kuharibu ni mimi."

"Koko, usimukinge."

"Simukinge. Hata sasa ananikasirisha."

"Sasa mbona hamukuulizana?"

Nikafuta ile chumvi ku vidole. Nikamuambia: "Tuachie nusu saa, siye wawili, mulango imefungwa. Tukitoka tungali vile, ufukuze mimi. Mimi niko na watoto wa kunilisha." Akachukua tablier, akaiweka ku kwapa, akaenda.

Nikafunga mulango, nikakaa juu ya ndoo. "Sema. Nilikukosea nini? Usinichungie adabu, mimi sina."

Akageuza ndoo ingine, akakaa. Alafu akasema, macho chini: "Koko, kila asubui unaniita na mutoto yangu mwenye nilizika ku njia."

Mama Josué, baridi ikaniingia mpaka ndani ya mifupa. Gloire alikuwa na miaka ine. Homa ilimuua wakiwa wanakimbia. Hana mutoto mwingine. Mwenye alimuombea kazi alimujua zamani, habari ya kifo haikumufikia. Na mimi, na adabu yangu yote, nilikuwa namupiga na ile jina mara kumi kwa siku.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema namna gani? Nikisema usiniite vile, ni kama namukana mutoto yangu."

Sikulia pale. Nililia nikifika nyumbani. Nikamuuliza: "Basi nikuite nani?" Akasema: "Zawadi. Njo jina mama yangu alinipa."

"Zawadi, nilikukosea. Unisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema: "Tuoshe sufuria, Koko, chumvi itazikula." Kwangu ile ilitosha.

Gérant alirudi akatukuta tunachagua maharagi mupya ya mangaribi. "Basi?" Mimi nikafungua mudomo, lakini ni Zawadi njo alijibu, na sauti yenye sikuisikiaka kwake: "Gérant, nirudishie tablier yangu." Akamurudishia. Juma iliyopita alihamia ku chumba yake.

Sasa weye. Ule mwenzako, unajua nini juu yake? Hujui kitu. Umuulize. Usimutume mutu, usimuulize mbele ya watu, na usiende na jibu yako ku mufuko. Na kama ni mubaya kweli, watu wa vile wako, sikudanganye, basi umupeleke mbele ya mukubwa wenu, useme waziwazi, na weye ubakie ku kazi yako. Lakini kutoroka mbele ya kuuliza, hapana. Sikukuzala vile.

Unisalimie baba mukwe yako, umuambie ile asali alinitumia ilifika yote, dereva hakuilamba. Salimia wifi yako mwenye kushona, na ule mama wa koro ya kanisa mwenye alinichungia kuku. Josué umukumbatie mpaka akatae.

Mama Pasteur anataka kukunja karatasi, nimemushika mukono. Jana tulikuwa tunatoa majani ya sombe ku miti yake, siye wawili. Zawadi akasema yeye mwenyewe, bila kuulizwa: "Gloire alipenda ukoko ya bugali. Alikuwa anakwangua sufuria mpaka naogopa ataitoboa." Akacheka. Nikaweka kisu chini. Akaendelea: namna alitembea, namna alikataa kunyolewa, wimbo yake ya kulala. Moto ikazimika. Sombe ikachelewa sana, wanafunzi wakaanza kupiga sahani na vijiko.

Nikawaacha wapige.

Mimi mama yako, mwenye anakungojea unijibu kama ulimuuliza.