Aliyenuna Mmoja

Jumanne, 4 Machi

Tena mmoja! Msimamizi wetu, Filimbi, kaandika kwa chaki pale ubaoni kila mtu aone. Hesabu ya jana: waliocheka ishirini na nane, aliyenuna mmoja. Hiyo moja kaizungushia duara mara mbili mpaka chaki ikavunjika.

Ni mimi. Naandika hapa tu. Hapa hasomi mtu.

Kidude chenyewe kilifungwa wiki iliyopita, mlangoni pale tunapovulia aproni. Vitufe viwili. Uso wa kijani unacheka, uso mwekundu umenuna. Ukitoka kazini unabonyeza kimoja, unaenda zako. Mtaalamu alikuja na tai yake kutoka ofisi kuu, akasema wanataka kujua kama tumeridhika na kazi. Kila jibu litasikilizwa, akasema. Hakuna majina.

Mimi nikaelewa ukibonyeza mwekundu atakuja mtu kukuuliza una nini. Nikabonyeza. Nikasimama pale kumsubiri. Mlinzi akasema wewe Bubu, toka, unaziba njia.

Leo siku ya nne nabonyeza. Hajaja mtu.

Jumatano, 5 Machi

Filimbi jina lake kalipata kwa kupuliza filimbi hata mtu akikawia chooni. Leo katukusanya mbele ya mashine za kufulia. Ofisi imeahidi: kesho na keshokutwa zikipita bila mwekundu hata mmoja, kila mtu anapata buti mpya.

Watu walivyopiga kelele! Sakafu yetu ina maji saa zote, buti zimetoboka. Ndani ya zangu nimevaa mifuko ya nailoni.

Fundi wa boila akasema huyo mnunaji akijulikana tutamfua pamoja na shuka za hospitali, maji ya moto, halafu tumwanike kwa masikio. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nadhani nilicheka kuliko wote.

Chakula nimekula juu ya marobota, peke yangu.

Kazi si ngumu, sitaki kusema uongo. Tatizo langu ni ukuta. Zamani shuka tulikunja wawili, mimi na Shangazi. Si shangazi yangu, ni wa kila mtu. Yeye anashika ncha zake, mimi zangu, tunavuta, tunapiga — pwa! — halafu anasema "njoo, mwanangu." Naenda nampa ncha, mikono inagusana, narudi kushika chini. Shuka mia tatu kwa siku. Mia tatu "njoo". Anaongea yeye: magoti yake, mwanawe aliyehama hapigi simu, jirani anayeanikia kwenye kamba yake bila hodi. Mimi nasikiliza. Siku moja kanambia, wewe nawe sema basi kitu, au ulimi umeuweka rehani? Nikacheka tu. Miaka miwili hivyo.

Mwezi wa kwanza wakapigilia vibanio ukutani. Ncha mbili unabana, mbili unashika mwenyewe. Mtu mmoja anatosha, wakasema, na soga zitapungua. Shangazi wakampeleka chumba cha pasi.

Zimepungua kweli. Kuna siku nafika nyumbani nakohoa ili nisikie kama sauti ipo.

Leo nimebonyeza mwekundu wa mwisho. Kesho nacheka, watu wapate buti zao.

Alhamisi, 6 Machi

WAWILI!

Hesabu ya jana — ishirini na saba, na wawili! Filimbi anapiga kelele, ugonjwa umeanza kuambukiza. Mmoja ni mimi. Mwingine ni nani?

Siku nzima nimetazama nyuso. Dereva wa gari la shuka? Anapiga miluzi. Fundi wa boila? Yule akinuna atasikika mpaka barabarani. Nimekunja vibaya shuka kumi na moja kwa kutazama watu. Sikujali. Mtu mmoja humu ndani naye amechoka kama mimi, na juzi sikujua.

Jioni nimebonyeza kijani. Niliahidi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi ubaoni mmoja. Si mimi! Na buti ndiyo basi.

Filimbi kafunga mlango. Hatoki mtu mpaka ajulikane. Mashine moja tu inazunguka. Mara Shangazi akatoka chumba cha pasi anajifuta mikono.

"Ni mimi. Toka siku ya kwanza mpaka jana, zote zangu."

Filimbi akasema Jumatano walikuwa wawili, wewe ni wawili?

"Nilibonyeza mara mbili. Kidole cha mzee hakijui hesabu."

Watu wengine wakaguna, wengine wakacheka. Filimbi akauliza kwani una nini, hujaridhika na nini?

"Sina wa kuongea naye," akasema. "Pasi naisemesha, inaniunguza."

Fundi wa boila: "Shangazi, umetuvua buti kwa ajili ya soga?"

"We mwanangu una mke wa kukununia nyumbani. Mimi nanunia wapi?"

Hapo hata Filimbi alitaka kucheka, akajizuia. Akasema Jumatatu saa mbili ofisini, aje na ufunguo wa kabati lake. Tunajua wote. Akiambiwa mtu aje na ufunguo, harudi.

Uongo wake mimi nimeuona, mimi wa darasa la nne. Sisi ni ishirini na tisa. Angebonyeza mara mbili, Jumatano ingetoka thelathini. Filimbi hakuona, au hakutaka kuona. Zangu ni tano. Zake mbili tu.

Na nilikuwa wapi? Nyuma ya marobota. Nimeshika shuka.

Jioni tunavua aproni, akapita karibu yangu. Hakunitazama. Akasema polepole, kidole chako kinakaa sana kwenye kitufe, mwanangu. Fanya haraka kama wengine.

Alijua! Toka siku ya kwanza alijua.

Nikabonyeza kijani. Haraka, kama wengine. Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga simu. Kazi? Salama. Unakula? Nakula. Una rafiki huko? Nikasema ninaye mmoja. Nani? Nikasema Shangazi. Akacheka sana, kijana mzima rafiki yake shangazi. Sikumwambia mengine.

Nimekunja shuka yangu mara nyingi leo, ncha nimebana kwenye mlango. Najaribu kusema kwa sauti. "Ni mimi, si yeye." Inatoka kama ya mtu aliyekabwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewahi. Naandika juu ya robota, kwenye korido ya ofisi.

Shangazi yupo kwenye benchi. Kavaa gauni zuri, si la kazi. Ufunguo kaufunga kwenye pembe ya leso. Watu wanapita hawamsalimii, shauri ya buti. Waliokula maandazi yake hao hao. Aliponiona akauliza umekunywa chai, mwanangu? Nikatikisa kichwa. Akasema ungekunywa, tumbo tupu halina ujasiri. Halafu akatazama ukuta.

Nikisema, tutakuwa wawili wa kurudisha funguo. Naujua ukuta wangu, kodi naijua, dada ananitegemea. Yote najua.

Filimbi kapuliza, zamu imeanza. Napaswa kuwa kwenye vibanio.

Mlango wa ofisi umefunguliwa. Mtaalamu mwenyewe, na tai yake. Kamwita. Shangazi anainuka, magoti yanamgomea, kashika ukuta.

Naacha hapa, lazima niende nimshike mkono, maana hawezi kuinuka, halafu niingie naye. Sijui nitasemaje. Nitaanza na shikamoo.