Zamu Yangu ya Mkokoteni

Jumatatu, 5 Juni 1950
Leo zamu ya Mzee Pazi. Mie nimeshinda barazani, najinyoosha mgongo. Sie watano, wote tuliopunguzwa kazi bandarini, tuna mkokoteni mmoja na kila mtu ana siku yake. Wazo la Pazi, jina nimetoa mie: Umoja wa Mahamali wa Temeke. Nani mwingine angepata jina zito hivyo? Mie nimefika Burma, vitani na jeshi la Mwingereza.
Habari njema. Bohora mwenye duka kamwambia Saidi apeleke magunia ya mchele Mtoni siku ya zamu yake, Alhamisi. Yakifika salama, mizigo yote ya Bohora itakuwa yetu. Basi tena kusukumana getini bandarini kila alfajiri. Saidi si mtu wa kucheka. Leo kacheka.

Jumatano, 7 Juni
Zamu yangu. Mizigo miwili asubuhi. Kisha nikakuta harusi, watu wanaziwahi kabla ya mfungo. Kitanda cha bibi harusi, sanduku, masufuria, vyote wanawake wanabeba kichwani. Roho yangu haiwezi mambo hayo. Nikasema pakieni, bure. Nikawapandisha na makungwi wanne juu yake. Wanene.
Mmoja akauliza, "Kaka, gari la nani hili?"
"La nani tena, bibi? Langu. Jingine liko kwa fundi."
Vigelegele. Wakaniimba jina. Nikageuka: Saidi kasimama kando ya njia. Kasikia. Akatazama magurudumu tu.
Mbele kidogo tukaingia shimoni. Ekseli ikakatika.

Alhamisi, 8 Juni
Nimejificha. Mie wa Burma, uvunguni. Saidi alipiga hodi mara tatu, mke wangu akasema sipo. Sauti ya Saidi haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo.
Magunia kachukua mtu wa punda. Bohora hakungoja.

Ijumaa, 9 Juni
Aibu. Msikitini nimekaa safu ya nyuma, nikatoka wa kwanza.

Jumapili, 11 Juni
Kikao kwa Pazi. Nilikwenda na uongo wangu tayari: ng'ombe kakatiza njia, nikamkwepa. Ng'ombe mwenyewe nilishampa na rangi. Lakini Pazi akaanza kwa kunipa pole. Wote wakanipa pole. Nikajua Saidi hajawaambia kitu. Siku zote hizi kanisitiri, na riziki ni yake niliyoivunja.
Ng'ombe akanifia kooni. Nikasema yote. Makungwi, vigelegele, na kwamba nilisema gari ni langu.
"Lako?" Pazi akauliza.
"Nilisema langu, mzee."
Nilitaka wanitukane. Nilitaka wanifukuze, ingekuwa rahisi.
"Tukikufukuza utakula wapi?" Pazi kasema. "Huna kazi kama sie. Zamu yako Jumatano."
"Na usichelewe," Saidi akamalizia.
Nililia njiani, mtu mzima.

Jumatano, 14 Juni
Ekseli mpya imetiwa. Zamu yangu nimempa Saidi. Kaipokea, kisha akasema, "Shika nyuma." Tumepeleka nazi za mwenye shamba mmoja, mzigo mdogo, safari moja. Mchanga mzito. Njia nzima sikuwa na la kusimulia.
Tulipopumzika akaumega muhogo wake, akanipa kipande kikubwa. Nimekula nikitazama chini.