Uzi Mwekundu wa Dukani

Jumatatu, 22 Oktoba

Nimedanganya. Naandika haraka kabla Mama hajaniita kumenya viazi.

Asubuhi Baba alinipa khata nyeupe, skafu ya heshima ya kumpa Lama, na siagi. "Yangji, panda gompa. Mwombe Lama Ngodup atuchagulie siku mbili. Ya puja, kuuomba mlima baraka, na ya kukanyaga kilele. Na nyuzi tatu za baraka, za kufunga shingoni." Kila msimu huenda mwenyewe. Safari hii hana nafasi — anakagua kamba, na mteja anayempandisha mlimani, Daktari Brigitta, ameshafika.

Mlima wa Ama Dablam haupandwi bila tarehe ya Lama. Watu wengine sijui, ila nyumbani kwetu hapana. Kuna mwaka Baba alipanda siku moja kabla ya tarehe kwa sababu mteja alimsihi sana. Barafu ikaangukia hema la Baba Mdogo Pasang. Tangu hapo Baba habishani tena na kalenda ya Lama.

Nilifika gompa, nyumba ya watawa. Viatu mlangoni kama ishirini, vya watalii. Nikamsikia Lama akicheka ndani. Mwaka jana nilipomsalimu kwa Kisherpa aliuliza mbele ya watu wote, "Huyu ni binti wa Ang Chhiring au ni mtalii? Anaongea kama amemeza jiwe!" Kijiji kizima kilicheka. Hata Bibi! Miaka tisa niko bweni Kathmandu, Kinepali na Kiingereza tu. Kisherpa changu kimebaki cha mtoto wa miaka saba. Nilisimama pale na khata yangu. Nikarudi nyuma hatua moja. Halafu nyingine.

Dukani nilinunua uzi mwekundu. Nikakaa nyuma ya ukuta wa mawe ya sala, nikaukata vipande vitatu, nikafunga mafundo kama ya Lama. Sikuyapuliza kama apulizavyo yeye. Niliona kupuliza ni dhambi — kana kwamba mengine si dhambi!

"Lama kasemaje?" Baba aliuliza. Puja tarehe 25, nikasema. Kilele tarehe 6.

Kwa nini sita? Hapa ndipo ninapojichukia. Tarehe 9 naanza kutembea kwenda Lukla, kupanda ndege kurudi shule. Nilitaka Baba awe ameshuka, anisindikize.

Alizipokea nyuzi kwa mikono miwili. Akazigusisha kwenye paji la uso.

Khata na siagi nimezificha chini ya magunia ya viazi.

Alhamisi, 25 Oktoba

Puja, kambi ya chini. Nilipanda ili nimtafsirie Daktari Brigitta. Moshi wa mreteni, mashoka ya barafu yameegemezwa madhabahuni, unga wa shayiri mashavuni. Mtawa kijana alikuja kutoka gompa. Nilipomwona tu nikasogea nyuma ya Brigitta. Alifungua kalenda yake, akasema siku si mbaya. Hakuuliza kitu. Tarehe 6 haikutajwa.

Baba akawafunga nyuzi Brigitta na Tenji, kijana anayebeba mizigo na kupanda naye. Wa kwake akaufunga mwisho. Brigitta aliushika ule uzi kama dhahabu. Akaniomba nimpelekee Lama shukrani zake.

Nikamjibu kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba nitazifikisha.

Mpishi Kami Nuru akanipakaza unga puani. "Mbona umenuna, msomi? Au moshi wetu haufanani na wa Kathmandu?" Wote wakacheka. Nikacheka na mimi.

Jumanne, 30 Oktoba

Baba na wenzake wamelala Kambi ya Kwanza ili kuzoea hewa. Redio yetu iko jikoni, kwenye rafu ya chumvi. Kila saa kumi na moja jioni. Timu zote zinatumia masafa yaleyale, kwa hiyo ukikohoa mlima mzima unakuuliza umekunywa dawa. Mama huongea. Mimi husema "hujambo Baba" tu na kukimbia.

Jumamosi, 3 Novemba

Utabiri umebadilika. Kesho na keshokutwa shwari. Tarehe 6 upepo, kuanzia alfajiri, tena mkubwa.

Timu ya Wakorea wanapanda sasa hivi ili wafike kileleni tarehe 5. Kami Nuru akamwambia Baba redioni, "Kaka Chhiring, ungana nao! Huo upepo utakung'oa meno, na umebakiwa na machache!"

Baba alicheka. Kisha sauti yake ikawa ile ya chini. "Lama alisema sita. Niliwahi kupanda tarehe ya mteja. Unajua nilishuka na nani."

Wote wanajua. Alishuka na Baba Mdogo kwenye turubali.

Mama akaniangalia, akatabasamu. "Afadhali tulikutuma wewe. Wangekwenda wavulana wa jirani wangesahau njiani."

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya zizi la yaki mpaka giza likaingia.

Jumapili, 4 Novemba

Nimekwenda gompa. Nimechukua khata ileile, ina vumbi la viazi.

Safari hii hakukuwa na watalii. Lama Ngodup alikuwa amekaa peke yake, anakata kucha. Nilianza kwa Kisherpa, nikakwama, nikaingia Kinepali, nikalia. Nilimwambia yote. Uzi, tarehe, ndege.

Aliweka kile kimkasi chini. Akasema katika miaka themanini na moja ni wawili tu waliomkimbia mlangoni, mimi na mbuzi wa Mama Futi, na mbuzi alikuwa ameiba. Nilitaka kucheka. Sikuweza. Kisha akasema polepole kwamba mwaka jana alikuwa ananitania kwa sababu alifurahi kuniona. Hakujua niliondoka na lile neno mpaka Kathmandu.

Akafungua kalenda. Alikaa nayo muda mrefu, kidole kikitembea. Tarehe 6 si siku ya kukanyaga kilele. "Ningempa nane," akasema. "Nane au kumi."

Nikamwomba amwambie Baba. Nikampigia magoti. Akakataa. Akasema akisema yeye, Baba atasikia kwamba Lama kabadili tarehe, na mwakani hataamini tarehe yoyote. "Fundo umefunga wewe, binti. Ukilifungua wewe, ataelewa ni fundo la nani."

Hakunipa uzi mwingine. Khata aliipokea, akakung'uta vumbi, akanivalisha shingoni.

Nilifika nyumbani redio ikiwa imeshazimwa.

Jumatatu, 5 Novemba

Saa kumi na moja. Nilijipanga nyuma ya Mama. Baba na wenzake wako Kambi ya Pili, juu ya mnara wa mwamba. Wakorea wamefika kileleni leo, wanashuka wanaimba redioni, kila mtu anawapongeza. Baba anaondoka saa nane usiku. Mama akanipa redio. Nikabonyeza.

"Baba... umekula?"

Ndicho nilichosema! Umekula! Kami Nuru akadakia, "Msomi kauliza swali la mtihani!" Mlima mzima ukacheka. Baba akasema amekula viazi, nisiogope, uzi wa Lama anao shingoni. Atafungua redio tena saa moja kusikia utabiri wa mwisho.

Hiyo ilikuwa kumi na moja. Sasa ni saa moja na nusu. Naandika ilivyokuwa.

Saa moja kamili niliichukua redio mwenyewe rafuni. Mama alikuwa anakoroga mchuzi. Kami Nuru alikuwa hajamaliza kusoma kasi ya upepo. Nikamkatiza.

"Baba, ni Yangji. Sikumwona Lama."

Akasema nirudie.

"Siku ile sikuingia. Niliona haya. Tarehe ni yangu. Lama hakutoa sita, Baba. Jana nimemuuliza. Amesema nane au kumi."

Mtu fulani katika kambi fulani akacheka, halafu akaacha ghafla. Nilisikia upepo tu kwenye redio ya Baba, umeshaanza.

"Na uzi?"

"Wa dukani, Baba. Nilifunga mimi."

Nilimsikia Brigitta nyuma yake akiuliza kuna nini, na hakuna aliyemtafsiria. Kazi hiyo ni yangu. Nikamwambia kwa Kiingereza, yote, mlima mzima ukisikiliza. Kiingereza kizuri kabisa.

Kisha Baba: "Nimesikia." Redio ikazimwa.

Mama ameepua sufuria. Ameketi, mwiko mkononi, hanitazami.

Tangu hapo niko dirishani. Kambi ya Pili inaonekana kutoka hapa, kule juu kwenye ukingo. Kulikuwa giza. Sasa hivi imewaka taa moja. Ya pili. Ya tatu. Saa nane bado sana. Wamevaa taa za kichwani, wamesimama nje ya mahema.

Mama amekuja kusimama nyuma yangu. Taa ya mbele ni ya Baba, najua, huwa ya njano kidogo.

Bado haijasogea, juu wala chini.