Gari Lenye Mlango Kama Wako

Garsen,
Februari 1956

Kwa ndugu yangu Mwanaarusi,
Mkomani, Lamu.

Nakusalimu salamu za ndugu mkubwa kwa mdogo wake, na tena salamu za mtu wa mbali kwa aliyebaki nyumbani, maana mimi kwako ni wote wawili. Goti lako lina hali gani? Wapitao walinieleza kwamba ngazi zimekushinda na sasa unalala sebuleni. Naomba barua hii ikukute umepata nafuu. Mimi ni mzima. Macho bado yanasoma, ila kila mwaka gazeti nalishika mbali kidogo zaidi, na nahofia karibu mkono hautatosha.

Huku mto umeshuka, na wenye mashamba ya kando wanapanda mahindi palipokuwa maji. Tangu mto ulipohama kule Kilelengwani, ukaliacha shamba langu la mpunga likipasuka kwa ukavu, nimekaa hapa Garsen nikisomesha watoto wa watu, hata wenyeji wameacha kuniuliza nitarudi Lamu lini. Sikuambii haya kwa kulalamika. Mji huu ulinipokea nikiwa na mkeka na vitabu tu, na hadi leo sijalala na njaa.

Pamoja na barua hii umepokea kifurushi. Kama bado hujakifungua, kifungue sasa, taratibu, kwa sababu magurudumu yake hayapendi kuvutwa. Utaona gari dogo la mbao. Ni mfano wa gari la mwanao Mahmud. Jina lake nalitaja mapema usije ukasema nimekuvizia, na nakuomba usiiweke barua chini.

Nakumbuka yaliyotokea. Aliondoka kwako na patasi za marehemu babake, ukasikia baadaye kwamba ameziuza Mombasa ili ajifunze ufundi wa magari. Alipomaliza kujifunza alikuja kwangu hapa Garsen, na maneno yako yakamfuata mpaka huku: “Mkono uliouza patasi za babake, sina radhi nao.” Mahmud aliyapokea kivukoni, mbele ya watu, kutoka kwa mtu aliyedhani anatoa habari tu. Kabla ya siku ile alikuwa akiimba anapoendesha. Tangu siku ile sijamsikia.

Lamu hakuna gari, nawe huna sababu ya kuvuka kuja bara kwa goti hilo. Ndiyo maana nimeona nikuletee gari mkononi, ulitazame mwenyewe badala ya kuambiwa na watu.

Lenyewe ni Ford ya kabla ya vita. Elmi, Msomali mwenye duka hapa, alilinunua likiwa injini, magurudumu na fremu, bodi yake yote imeoza kwa mvua. Mahmud akaifufua injini, kisha akaomba mbao amjengee bodi mpya. Elmi alitarajia sanduku. Alichopata ni gari la rangi ya kijani lenye madirisha ya mbao, na nyuma mlango wa mbao mbili uliochongwa nakshi kutoka juu hadi chini, na mfaa wake, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili hukutana na kufungwa, kama mlango wa nyumba ya Mkomani. Elmi alilizunguka, kisha akamwambia kwamba yeye alitaka kitu cha kubebea sukari na abiria, naye amejengewa chumba cha bibi harusi. Je, mahari atalipwa nani? Hata hivyo hakuruhusu mtu agonge msumari mlangoni.

Watu wa hapa wana masihara. Abiria wa kwanza aliposimama nyuma ya gari alipiga hodi. Mahmud akaitikia kutoka kwenye usukani, karibu. Ikawa ndiyo ada. Kivukoni hapandi mtu bila hodi, na Godhana, mfugaji wa Kiorma ambaye hupanda na mbuzi wake, hubisha pia kwa niaba ya mbuzi. Mahmud huwaitikia wote.

Sasa nikueleze deni langu kwa gari hilo, nalo si la fedha. Masika yaliyopita ngiri ilinishika, tumbo likawa kama jiwe. Nilitakiwa hospitali ya Ngao, na njia ilikuwa tope jeusi tupu. Elmi alisema gari halitafika. Mahmud alinilaza juu ya magunia akaondoka nami. Hatukwenda mbali, magurudumu ya nyuma yakazama. Godhana na vijana wake walisukuma, likazidi kuzama. Hapakuwa na jiwe wala kigogo karibu, ni nyasi na maji. Nilimwona mwanao akisimama nyuma ya gari akiutazama ule mlango. Kisha akachukua nyundo, akaung'oa kwenye bawaba, akalaza ubao mmoja chini ya gurudumu hili na wa pili chini ya lile, na mfaa akaupachika mbele ya mbao hizo. Nakshi alizigeuza juu, tairi zipate pa kushika. Gari likapanda, likatoka. Daktari wa Ngao alisema ningechelewa kidogo tu ningezikwa.

Nilipopona nilitaka kumshukuru, nikakosa njia, kwa sababu ukimshukuru Mahmud huinuka akaenda kutazama maji ya injini. Hapo ndipo wazo la mfano huu liliponijia. Mbao nilimwagiza Dhadho, Mpokomo mchongaji wa mitumbwi. Nikamweleza gari, naye analijua, hulipanda kila wiki. Lakini mikono ina mazoea yake. Aliniletea kigogo kimoja kilichokombwa ndani vizuri sana, pua imechongoka mbele na nyuma. Nilimwambia kwamba huo ni mtumbwi wenye magurudumu. Akanijibu kwamba siku gari la Elmi litakapopita mtoni nitaona nani ana akili. Tulianza upya kwa vibao, na mtumbwi ule nimeuweka dirishani, natilia kalamu.

Vipimo sikubahatisha. Nilipima gari kwa kamba ya ukindu kutoka pua hadi mkia, nikaikunja kamba katikati, nikaikunja tena, na tena, na tena, nikakata hapo. Ndio urefu wa gari lililo mbele yako. Kila kitu nilikipima kwa kamba yake na kukunja vivyo hivyo, hata usukani, hivyo hakuna kilichopunjwa. Magurudumu ni vipande vya makoma, yale matunda ya mkoma. Taa ni vifungo vya shaba vya koti langu la zamani, usicheke. Rangi imetoka kwenye mkebe ule ule.

Nilipofika kupima kiti cha dereva nilikiinua, nijue kina chake. Chini yake palikuwa na kitambaa kilicholowa mafuta, na ndani ya kitambaa patasi za marehemu, zote, mipini yake ile ile ya mpingo, makali yake hayana hata doa la kutu.

Nilikaa nazo magotini mpaka Mahmud alipotoka dukani. Nilimuuliza kwa nini amekubali kuitwa mwuzaji wa patasi miaka yote hii, naye anazikalia kila siku. Alifuta mikono, akasema kwa sauti ndogo, “Mama aliwauliza watu, mjomba. Angeniuliza mimi, ningemwonyesha.” Nikamwambia kwamba mtoto ndiye anayekwenda kwa mama, na kiburi hicho amekirithi kwa watu ninaowajua kwa majina. Alicheka kidogo, kisha akachukua patasi ndogo kuliko zote na vibao vyangu viwili vitupu.

Kwa hiyo nakshi za mlango mdogo si kazi yangu. Usogeze kwenye mwanga. Tazama yungiyungi la chini, upande wa kushoto, uone jani moja la ua lilivyo fupi kuliko mengine. Wewe unajua ni nani aliyekuwa na desturi hiyo, na unajua hakumfundisha mtu mwingine.

Utaona pia kwamba mlango haufungiki. Si kwamba umeharibika njiani. Mfaa wa gari lenyewe ulivunjika siku ile ya tope, ulivunjika kwa ajili yangu, na mpaka leo Mahmud anafunga mlango kwa kamba. Nilimwambia achonge mwingine, mkubwa kwa mdogo. Alikataa. Anasema wa kwanza aliuchonga kwa kukumbuka, na wa pili anataka auchonge akiutazama ule wa babake, mlangoni kwako. Nilimkumbusha kwamba mlango wako unatazama njia, yeyote anaweza kusimama akautazama. Akajibu kwamba hataki kuutazama kama mpita njia.

Na hili ndilo nililolichelewesha mpaka sasa. Binti wa jirani amekuletea kifurushi, lakini hakukitoa Garsen yeye. Amekabidhiwa asubuhi hii na Mahmud, barazani msikitini, hatua chache kutoka kwako. Gari ameliacha Mokowe, upande wa bara. Anazo patasi zote na vipande viwili vya mti, kimoja kirefu na kimoja cha kukaa kiganjani. Ameniahidi kwamba hatapiga hodi mpaka aitwe, na asipoitwa hadi magharibi atavuka arudi, wala hatakulaumu.

Mimi sina la kukuamuru. Nakuomba tu kama mtu aliyeletwa hadi leo juu ya mlango ule. Namshukuru Mungu kwa mto ulionifukuza shamba, maana ndio ulioniweka hapa mwanao aliponihitaji, nami nilipomhitaji. Nakushukuru nawe uliyemzaa.

Nisalimie majirani wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka waambie nilikuwako. Elmi anakusalimu, na Dhadho anasema ukipenda mtumbwi atakuletea.

Mtume yule binti msikitini akamwite mwanao, Mwanaarusi. Bado yupo pale.

Ni mimi ndugu yako,
Shee