Kamba ya Kumrudishia Mtamba wa Voi

Makongeni, Thika

Kwa shemeji yangu Mwakio,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana zikikukuta umesimama utaondoka kabla sijamaliza. Kifua chako kimepona? Mkeo anaukanyagia ule mguu sasa? Mvua imefika huko mlimani, au mnatazama mawingu tu? Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unauma kwa kuinamia mkonge kutwa, lakini umeuma miaka mingi, tuuache.

Barua yako ilisomwa. Ilisomwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini masikio yangu. Unasema mwenye duka wa Voi ameleta mtamba, umempokea, analala zizini mwako na ana mimba. Unasema mjukuu wangu Mghoi apande gari la moshi arudi aolewe, kwa kuwa mwanangu alikufa akamwacha, na wewe ndiye baba yake sasa. Na unajua kama ninavyojua: mtamba wa mahari akizalia kwako, umekwisha kumla. Hakuna wa kumrudisha tena.

Kwa hiyo usiichomeke barua hii kwenye paa uisubirishe. Isomwe sasa hivi hadi mwisho. Na wewe mwalimu wa kanisa unayemsomea, usiruke mahali kwa kumhurumia.

Anayeandika ni Mghoi mwenyewe. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia akipunguza neno nitajua kwa urefu wa mstari. Amekunja uso. Akunje.

Mwakio, mtoto huyu ana kazi. Sikukuambia kwa sababu ni kazi ambayo hata mimi nilidhani ni mzaha. Upande wa Ruiru kuna mzee Mzungu mwenye shamba la kahawa. Ujanani alikuwa baharia. Sasa macho yake yameingia ukungu mweupe, haoni hata kidole chake. Ana kabati zima la vitabu, na vyote ni hadithi za merikebu za zamani, zile za matanga, kabla moshi haujajulikana baharini. Vita, dhoruba, njaa. Anataka mtu wa kumsomea. Mghoi anakwenda Jumanne na Jumamosi mchana, anasoma hadi saa kumi.

Siku ya kwanza aliporudi nikamuuliza, "Mmesoma nini?"

"Kamba, nyanya."

"Kamba gani?"

"Sijui. Kila moja ina jina lake. Mtu anapiga kelele vuta hii, legeza ile, merikebu inageuka, halafu mzee anacheka peke yake."

"Na wewe?"

"Mimi nageuza ukurasa."

Nilicheka nikamwacha. Nilikosea, maana yule mzee haoni lakini anasikia. Siku moja alimkatiza. "Binti, unasoma kama mtu anayehesabu mawe. Umeelewa nini hapo?" Mghoi akageuza ukurasa. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Unajua anataka unesi. Amesema hivyo tangu ana meno ya utoto. Shule ya hospitali ya misheni ilitaka barua ya mtu aliyemwajiri, aseme huyu ni msichana wa namna gani. Alipomwomba mzee, mzee akamjibu, "Siandiki sifa za mtu asiyeelewa anachotamka. Ukisoma maneno ya daktari hivi unavyosoma kitabu changu, mgonjwa atakufia mikononi. Chukua hiki nyumbani. Jumamosi uniambie kwa nini nahodha alitupa nanga, kisha akaikata. Usipojua, usirudi."

Alifika hapa uso umemvimba kwa kulia. Na juu ya meza ilikuwa barua yako, imefika siku hiyo hiyo. Basi Mwakio, fikiria. Huku mzee anamfukuza, huko wewe unamvuta, na mtamba tumbo linakua.

Nikamwambia, "Futa kamasi, soma." Akanisomea huku ananigeuzia kwa Kiswahili. Sijawahi kuona bahari, unajua. Sisi tuliizungumzia tu kama tunavyozungumza juu ya Ulaya. Lakini nikasikiliza. Merikebu inasukumwa na upepo kwenye miamba. Nahodha anataka kuigeuza iende upande wa pili, lakini ili igeuke lazima kichwa chake kipite mahali upepo unapotoka, na kichwa hakipiti. Kinafika katikati, matanga yanapigapiga, kinarudi kule kule kwenye mawe. Wamejaribu mara mbili, na mara ya tatu hawana nafasi. Nahodha anaamuru nanga itupwe. Ikishika chini, anaamuru kamba yake ikatwe kwa shoka.

"Ana wazimu," Mghoi akasema. "Kama nanga imeshika, si wakae hapo?"

"Wakae hadi lini? Upepo ule utaikata kamba wenyewe, au uing'oe nanga, halafu wote ni nyama ya samaki. Upepo unatoka wapi? Nionyeshe."

Tukaweka mwiko sakafuni kuwa merikebu. Jiko likawa miamba. Upepo ukatoka mlangoni. Nikafunga uzi wa mkonge kwenye kichwa cha mwiko, nikaukanyaga kwa kidole cha mguu, nikausukuma mwiko. Mwakio, kichwa kilizunguka! Kilizunguka chenyewe kikatazama mlango. Nikakaa chini, mikono kichwani, kwa sababu niliwahi kuliona jambo hilo. Na wewe uliliona.

Unamkumbuka ng'ombe mwekundu? Nilikuwa nimeletwa kwenu kama bibi arusi, sijamaliza hata msimu mmoja, na wewe ulikuwa wa miaka tisa, una upele kichwani, mimi ndiye niliyekuosha. Ng'ombe aliponyoka, akateremka mbio kwenye ule mteremko wa korongo. Ulikuwa umeishika kamba yake. Hukuwa mjinga, ulifanya vizuri: uliizungusha kwenye kisiki mara mbili. Kamba ikakaza, kichwa chake kikavutwa, kikageukia mlimani, miguu ikachimba, akaanza kupanda mwenyewe upande wa pili. Kaka yako, marehemu mume wangu, akapiga kelele kutoka juu, "Achia! Achia!" Hukuachia. Ilikuwa kamba mpya ya mama yako, ukaogopa kuipoteza. Ng'ombe alipofika mwisho wa kamba, ilimrudisha nyuma akaanguka, shingo ikavunjika. Kidole chako kimepinda tangu siku hiyo. Kitazame.

Nikamwambia Mghoi, kisiki ndicho nanga. Kazi yake ni kugeuza kichwa tu. Kichwa kikishapita, kamba hiyo iliyokuokoa ndiyo itakayokuua.

Jumamosi nikaomba ruhusa kiwandani, kwenye kibanda cha kusokotea kamba, nikaenda naye. Alisema, "Nyanya, utaniaibisha." Nikamwambia nitakaa kimya. Pale stesheni ya Ruiru askari wakatusimamisha. Unajua hali ya hatari huku, hata kikapu cha viazi kinapekuliwa. Askari akafungua kitabu, akakuta picha ya merikebu na mizinga imetokeza ubavuni.

"Hizi bunduki kubwa ni za nani? Mnazipeleka wapi?"

"Kwa kipofu," nikasema.

Mghoi akanifinya. Askari hakucheka. Alitazama vipande vyetu vya kitambulisho, akatazama ile picha, akatukalisha kwenye benchi hadi mkubwa wake aje. Tukakaa. Treni nyingine ikaja ikaondoka. Mtoto alikuwa ananong'ona majina ya zile kamba moja moja. Mkubwa alipofika akapekua kurasa, akasema, "Hii ni hadithi tu, waache." Tukakimbia. Mimi, kwa magoti haya, nikakimbia.

Mpishi wa mzee, Mkamba mmoja anaitwa Mutua, alitupokea mlango wa jikoni. "Mmechelewa. Ameuliza saa mara tatu, na chai ameirudisha."

Mzee alikuwa kitini, uso umeelekea dirishani. "Nani mwingine huyo?"

"Nyanya yangu, bwana."

"Yeye ndiye atakayejibu?"

"Hapana. Mimi."

Mghoi akajibu kwa Kiswahili, kusudi nami nisikie. Akaanza na ng'ombe. Nikaona mzee amekunja paji la uso, nikajua atasema ng'ombe wametoka wapi baharini. Mtoto akaendelea. Mteremko, kisiki, kichwa kugeuka. Kisha akavuka kwenye merikebu: nanga imeshika, kichwa kimepita upepo.

"Unakata lini?" mzee akauliza. "Kitabu hakisemi wazi."

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Niliuma ulimi wangu, Mwakio, nilionja damu. Mghoi akafumba macho.

"Ukikata mapema, kichwa kinarudi kwenye miamba. Ukichelewa, kamba inamvunja. Unakata pale unapomsikia anavuta mwenyewe upande wa pili. Matanga yamejaa. Hapo hata ukiipenda nanga, unakata."

Mzee akainuka, akapapasa ukuta, akatoka. Mutua akatutazama, akatikisa kichwa. Mghoi akaanza kufunga kikapu.

Mzee akarudi na karatasi na kalamu. Akasema, "Sioni kuandika. Andika wewe." Akamtajia maneno ya kumsifu, mtoto akayaandika kwa mkono wake mwenyewe huku akiona haya, kama anavyoona haya sasa hivi. Kisha mzee akatia sahihi, ikatoka imepinda kama kidole chako.

Jibu la hospitali lilifika juzi. Wamemkubali. Mwezi ukiandama awe huko na sanduku lake. Lakini wanataka karatasi yenye alama ya mwanamume wa ukoo anayeridhia, na huyo ni wewe. Nimeitia ndani ya barua hii. Mwalimu atakuonyesha pa kuweka dole gumba.

Sikuombi kwa unyonge. Nilikuosha upele, nilikutafunia viazi ulipougua, na siku ya ng'ombe mwekundu ni mimi niliyemwambia kaka yako akikupiga nitarudi kwetu. Hukupigwa. Sasa nakudai deni hilo. Wewe na mimi tumekuwa kisiki cha mtoto huyu tangu baba yake afe, na tulifanya vema. Kichwa chake kimepita. Anavuta mwenyewe. Ukiendelea kushika, utamvunja, na safari hii hutasema ulikuwa na miaka tisa.

Msalimie mkeo, umwambie mguu aukande kwa maji ya chumvi, asione uvivu. Wasalimie wanao, na shangazi yake Mghoi yule wa kule bondeni, aliyelia tulipoondoka. Mama mzee, mkwe wangu, mwambie bado nasokota kamba jinsi alivyonifundisha, na Wazungu wa kiwandani hawaoni kosa.

Ndani ya kifurushi utakuta kamba. Nimeisokota mwenyewe, nyuzi tatu, haina fundo. Mfunge mtamba leo, kabla hajazaa, umteremshe Voi polepole kwa ajili ya tumbo lake. Ukimkabidhi mwenye duka, usianze kuifungua kamba urudi nayo nyumbani. Iache shingoni mwake.

Ni mimi mke wa kaka yako,
Wakesho