Ukuta wa Mama na Brosha Zako za Magari

Kiseke,
Ilemela, Mwanza.
21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Alexander,

Marahaba, maana najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia kwanza. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Odeta na watoto, na kwamba baridi ya huko Uholanzi haijaanza kuwatafuna. Kile kifua chako kinaendeleaje? Mama huniuliza kila Jumapili, nami humjibu kuwa umepona, ingawa hujawahi kuniambia. Kwa hiyo kama hujapona, tafadhali pona.

Sisi huku hatujambo. Duka la vitenge la shemeji yako Dorcas linakwenda polepole lakini linakwenda. Evelina wetu amemaliza mtihani wa darasa la saba, sasa analala mpaka saa nne asubuhi kama mstaafu. Ziwa lina upepo wiki hii, sato wamepanda bei, tunakula dagaa. Msiba hakuna, tunamshukuru Mungu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ipo. Nakujua wewe. Ujumbe wa simu unausoma ukiwa kwenye treni, unanirudishia kidole gumba, imeisha hiyo. Nina jambo, na nataka ukae chini ulisome lote.

Jambo lenyewe ni Mama. Amekataa kuhama Mabatini.

Nyumba ya hapa Kiseke imekwisha tangu mwezi wa sita. Chumba chake nimekiweka mbele, sakafu tambarare, choo ndani, hakuna ngazi. Kule Mabatini unapajua mwenyewe: kutoka barabarani mpaka mlangoni ni kupanda mawe tu. Mwezi wa saba aliteleza na ndoo ya maji, goti likavimba, hata leo anatembea na fimbo. Mvua za vuli ziko mlangoni, na mawe yale yakilowa, mama wa miaka sabini na nane atayapandaje? Nimembembeleza mimi, amembembeleza Dorcas, hata katekista Antoni na uzee wake amepanda mlima kwenda kumsihi. Hataki. Na sababu ni wewe.

Usiruke, nakueleza. Ulipoondoka nyumbani, wiki ile ile, Mama alizitoa brosha zako za magari chini ya kitanda, akapika uji wa muhogo, akazibandika ukutani pale sebuleni, toka dirishani mpaka kwenye mlango wa chumba chake. Uliziona ulipokuja kumzika Baba, miaka tisa sasa, ukacheka na kupiga picha. Mimi sikucheka. Siku hizi zimekuwa za njano kwa moshi, mijusi nao wamefanya yao, lakini Mama anazipangusa kwa kanga kila asubuhi akimaliza kusali. Nikimwambia twende Kiseke anajibu, "Nimwache Alexander na nani?"

Nikamwambia, "Mama, Alexander yuko Uholanzi."

"Huyo ni wa Uholanzi. Na huyu wa hapa je?"

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakumjua Mama.

Ngoja niseme wazi, maana wewe ni damu yangu: nakuonea wivu. Nina miaka hamsini na mbili, nina mvi, ni mwenyekiti wa jumuiya, na roho inaniuma kwa ajili ya makaratasi. Wewe kitinda mimba ulipewa jina la baba yake Mama, kwa hiyo mpaka leo unaitwa "baba", na mimi naitwa "we Obedi". Hilo nililizoea. Lakini brosha, haki ya Mungu, brosha zilikuwa zetu sote.

Nani alikuwa anakwenda kwa miguu mpaka mjini kuziomba? Si mimi? Nilivaa shati la shule, nikasimama mlangoni pa lile duka la magari, nikasema nimetumwa na baba. Mzee Yunus wa pale mapokezi alijua fika kwamba Baba ni dereva wa lori la pamba na hanunui hata tairi, lakini alinipa. Zile karatasi, Alexander! Nzito, laini, zinateleza mkononi. Ukifungua tu harufu ya wino inakupanda puani. Hata leo nikifungua sanduku nilimotunza zangu harufu ile ipo kwa mbali. Dorcas anasema ni harufu ya mende. Hajui kitu.

Unakumbuka tulivyocheza "langu"? Mmoja anafunua ukurasa, na wa kwanza kupiga kiganja juu ya picha ndiye mwenye gari. Mkono wako ulikuwa mwepesi kama wa kibaka. Pijo 504 ikawa yako kila siku, mimi nikabaki na pikapu. Tulikwenda nazo mpaka kwenye kivuko cha Kamanga kukagua magari yaliyopanga foleni, taa kwa taa, na ukanionyesha kwa sauti mbele za watu, "La kwako lile pale, Obedi, lile lisilo na mlango!" Na wale Wazungu wa kwenye picha, waliokuwa wanakula matunda kando ya gari na mbwa wao, tukawapa majina. Yule mwanamke mwenye kitambaa kichwani alikuwa Mama Ngosha, kwa sababu alicheka kama yule jirani yetu, meno yote nje. Cha ajabu, sikumbuki hata siku moja tuliyosema tutanunua gari. Gari tulilijua kwa Baba: grisi, pancha na kusukuma. Gari la kwenye kitabu halikuharibika, na aliyekuwa ndani yake hakuchelewa kurudi nyumbani. Tulikuwa tunalitazama hivyo hivyo, basi, mpaka taa inazimwa.

Halafu ukaanza kuandikia viwanda vya magari vya ng'ambo kuomba brosha. Mimi pia niliandika, kwa adabu, nikasema ukweli kwamba mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba ninayependa magari. Sikujibiwa hata mara moja. Wewe, mtoto wa darasa la tano, kwa Kiingereza cha kuokoteza, ukawaambia Wajerumani kuwa wewe ni mfugaji mwenye ng'ombe mia tatu na unataka gari moja kwa kila mke. Bahasha ikaja kubwa kama mto wa kulalia, kwa sanduku la posta la parokia, na katekista Antoni akaitangaza kanisani vile vile ilivyoandikwa: "Mzee Alexander, Mfugaji Mkuu, mzigo wako umefika." Watu walicheka mpaka padri akashindwa kuendelea. Mama bado anakisimulia kisa hicho kwa kila mgeni. Mwaka ule ule nilishika namba moja darasani, na hilo sijalisikia likisimuliwa popote.

Mwezi uliopita nilipita kwenye duka moja la magari mjini, nikamwomba binti wa mapokezi anipe brosha. Jina lake, Queen, lilikuwa kifuani. Akanitazama. "Ya nini, mzee?" Nikasema ya gari. Akasema siku hizi hawachapishi, nielekeze simu kwenye kile kijimraba chenye vidoadoa, kila kitu kimo humo. Nikaelekeza. Gari likaja, nikalivuta kwa vidole, likawa kubwa, bando likaisha. Nilitoka pale mikono mitupu na huzuni ambayo nisingeweza kumweleza yule binti. Ina maana zilizobaki ni zile za sandukuni kwangu na za ukutani kwa Mama.

Tulijaribu kuzibandua. Nilikwenda na fundi rangi, Ndalahwa, Mama akiwa kanisani, tukazilowesha kwa maji ya uvuguvugu ili tuzihamishie Kiseke. Ule uji wa Mama si gundi, ni saruji. Boneti ya Pijo yako ikachanika. Mama aliporudi alipika kikombe cha uji, akakirudisha kile kipande mahali pake, na kwa siku kadhaa nikimwamkia alikuwa anaitikia akiangalia ukuta.

Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya. Nililifungua sanduku langu la bati, lile ambalo hata Evelina haligusi bila kunawa mikono. Nikatoa Pijo 504 ile ile, maana na mimi ninayo, safi, haina doa, haijaonja jua. Nikatoa Volvo, Datsun na Land Rover. Nikang'oa pini za kurasa kwa ncha ya kisu. Dorcas akapika uji wa muhogo huku akiniuliza kama kweli nimefikiri. Nilipopaka ule uji mgongoni mwa Pijo nikaiona karatasi inalowa, nusura nilie. Nikasema potelea mbali, ni Mama. Nikazibandika zote kwenye ukuta wa chumba chake.

Jana nilimleta kwa bajaji. Akasimama katikati ya chumba, akatazama ukuta wote, akamgusa Mama Ngosha wa kwenye picha kwa kidole.

"Nzuri. Za nani hizi?"

"Zangu, Mama."

Akanigeukia kwa ukali. "Sasa umezibandika za nini? Si zitaharibika? Umezitunza miaka yote hii!"

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mbele ya Dorcas, "Mbona za Alexander ziko ukutani na zangu ziko sandukuni? Mimi si mwanao?" Naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema, na mvi zangu zote.

Mama akakaa kitandani taratibu, akaunyoosha mguu wenye goti bovu. Akasema, "We Obedi. Nikitaka kukuona wewe naita tu, unakuja. Nikubandike ukutani, kwani umepotea?"

Dorcas akatoka nje akijifanya ameacha sufuria jikoni. Nikamuuliza, sasa Mama utahama lini? Akasema siku mwenye zile karatasi atakapokuja kuzibandua kwa mkono wake, siku hiyo hiyo atafunga kanga zake. Akaomba bajaji, akarudi Mabatini.

Ndiyo maana nakuandikia. Usimpigie simu, nakuomba. Ukimpigia atakwambia usijisumbue, nauli ni kubwa, watoto wanasoma, na wewe utamwamini kwa kuwa inakufaa kumwamini. Njoo. Njoo kabla mvua hazijashika, uzibandue hata kama zitachanika zote, umshike mkono ashuke yale mawe kwa mara ya mwisho. Akianguka tena kabla hujafika, mdogo wangu, sitakuwa na neno la kukwambia, na wewe hutakuwa na la kunijibu.

Dorcas na Evelina wanawasalimu sana. Katekista Antoni anamsalimu Mfugaji Mkuu na anauliza habari za ng'ombe. Mpe shemeji Odeta salamu zangu za pekee, umwambie matobolwa yake, vile viazi vitamu vya kukausha, yapo, nimemwekea kwenye debe. Watoto wabusu kila mmoja, na uwafundishe kusema shikamoo kabla hawajafika, nisije nikaaibika mbele ya majirani.

Wivu bado ninao, nisikudanganye. Maneno ya Mama yameutuliza, hayajauua. Najua utakavyotua tu hapo uwanja wa ndege atasahau goti, atasahau fimbo, atapiga vigelegele mtaa mzima usikie kwamba baba yake amekuja. Atataka jogoo, tena wa kienyeji, tena mwekundu, na atakayetumwa kumtafuta sokoni juani ni mimi. Nitakwenda.

Mungu aliyekupeleka mbali akurudishe salama, na atutunzie Mama mpaka ufike.

Ni mimi nikupendaye, na kijicho changu chote,
Kaka yako,
Obedi